Nilimwambia Mwanangu Kwamba Mama Yake Amekufa

Bwana asifiwe, ndugu zangu mnaokusanyika hapa Xiaobei, Guangzhou, na ninyi wa Makambako mtakaosomewa haya kanisani. Ninaitwa Anastazia. Ninyi mnaniita Mama Joseph. Mchungaji alitaka kuniandikia yeye, nikakataa. Niliishia darasa la nne, lakini nimeshasimamia makontena bandari ya Nansha mpaka wakala wa mizigo ananiogopa, kwa hiyo karatasi mbili haziwezi kunishinda. Mkiona makosa, ni yangu.

Siandiki ili mnihurumie. Mungu amenitoa kwenye uongo niliokaa nao tangu usichana, na muda wote huo nilikuwa naongoza maombi ya akina mama.

Nilizaa nikiwa na miaka kumi na saba. Aliyenipa mimba alikuwa mwenye mashine ya kusaga, mtu mwenye mke na watoto wake. Mama yangu hakupiga kelele. Alinipeleka kwa shangazi Mafinga kabla tumbo halijaonekana, nikajifungua zahanati, mtoto wa kike, mzima. Kulikuwa na nesi pale aliyekaa na mume miaka mingi bila mtoto. Baada ya wiki tatu alimchukua. Sikulazimishwa, ndugu zangu, hilo nalisema wazi. Niliulizwa, nikajibu amchukue. Hata jina sikumpa. Nikarudi nyumbani, majirani wakaambiwa nilikuwa nauguza shangazi.

Baadaye nikaolewa na marehemu mume wangu, akazaliwa Joseph. Kwetu mnajua mambo yalivyo. Mwanamke akishazaa, jina lake linawekwa kando, anaitwa kwa mtoto wake wa kwanza. Siku ile ile ya kutoka hospitali wifi zangu wakaanza: Mama Joseph, Mama Joseph. Niliitika. Ningefanyaje? Nikauza mitumba Makambako, nikapanda kwenye vitenge, nikapanda ndege kuja Guangzhou wakati hata kufunga mkanda sijui. Kila furushi langu linaandikwa kwa wino mweusi, MAMA JOSEPH. Nilijenga nyumba kwa jina hilo na kusomesha watoto kwa jina hilo. Wengine mlisema nina majivuno. Ni kweli, ninayo.

Mwaka juzi nilikuwa ghorofa ya tatu, pale maduka ya jumla ya Xiaobei, nachagua jinzi. Simu ikaita, namba ya Tanzania. Sauti ya mwanamke mtu mzima ikasema, "Shikamoo mama. Naitwa Veronika, napiga kutoka Dodoma. Marehemu mama aliyenilea alikuwa nesi Mafinga. Kabla hajafa alinitajia jina lako."

Ndugu zangu, sikuitikia hata shikamoo. Nikamwambia, "Umekosea namba. Huyo unayemtafuta alishakufa." Nikakata, nikaizuia ile namba isipige tena. Mwenye duka alikuwa ananisubiri na jinzi mkononi, nikarudi kupatana bei. Siku hiyo nilinunua vizuri sana.

Jumapili yake nilisimama hapa hapa mbele yenu nikashukuru kwa biashara, mkapiga makofi. Lakini nyumbani nikipiga magoti kuomba, kitu cha kwanza kuja ni ile shikamoo. Nikawa naomba kwa maneno mafupi niondoke haraka. Mwisho nikaacha kuomba peke yangu kabisa. Niliomba tu mbele za watu.

Ndipo akaja Ruti. Wengi wenu mlimwona. Tulikuwa tunakula ugali kwa yule mama Mkongo, akaingia dada mmoja, nikajua Mchina. Akafika mezani kwetu, akasema, "Kamwene, mama." Nikamwuliza Kihehe amejifunza wapi. Akasema, "Sijajifunza, mama. Nimekulia Iringa." Mezani wote wakaacha kula.

Ruti si Mchina. Alizaliwa Korea, akatolewa akiwa mchanga, wakamchukua Wazungu wa misheni wakamlea Iringa. Ana umri wa wanangu wakubwa. Alipokuwa mtu mzima akaanza kumtafuta mama aliyemzaa. Ofisi iliyomtoa kwa Wazungu ilimpelekea huyo mama barua, hakujibu. Kisha mama yake mdogo huko Korea akafungua mdomo: dada yake yuko Guangzhou, anauza vifungo vya makoti kwenye soko la vitambaa, jirani na mtaa wa Kangle.

Nilimwambia aache. Nilimwambia mtu aliyekuacha ana sababu zake na barua haikujibiwa. Nilisema kwa ukali, na sikuwa nasema juu ya Mkorea. Ruti akanijibu kwa upole tu, "Sitaki kumdai kitu, mama. Nataka anione mara moja kwamba nimekua."

Nisingemsaidia. Kilichonishinda ni kusikia namna alivyokuwa anatafuta. Siku nne alikuwa akizunguka soko zima na picha ya zamani ya huyo mama, anawaonyesha watu. Nikamwambia, wewe binti, pale hakuna anayemjua mtu kwa sura. Anajulikana kwa bidhaa yake. Ukiuliza mtu, wanadhani umetumwa kuja kukamata. Ukiuliza kifungo, wanakushika mkono mpaka mlangoni. Kwa hiyo nilikwenda naye kwa majivuno, ili aone kazi inavyofanywa. Mungu anaweza kutumia hata majivuno.

Nikakata kifungo kwenye koti la sampuli, koti la Kikorea. Tukapita duka kwa duka, naonyesha kifungo, nauliza nani anacho cha namna hii, cha Korea kweli, siyo cha kuigiza. Siku ya pili mchana tulipanda ngazi hadi duka dogo lililojaa vifungo kwenye mirija ya plastiki. Mwenye duka alikuwa mama wa rika langu, nywele fupi, miwani imeninginia kifuani. Ruti akanishika mkono. Hakuhitaji ile picha. Walikuwa na paji la uso moja.

Kabla hatujasema kitu, akaja Mkorea mwingine wa duka la jirani, kabeba bakuli la chakula, akaita kwa sauti kubwa. Yule mama akaitika. Ruti akawa kama amepigwa. Nikamwuliza, amesema nini? Akaninong'oneza, "Amemwita Mama Minho. Kwao nao wanamwita mwanamke kwa mtoto wake."

Ndugu zangu, nilikaa kwenye kiti cha wateja bila kukaribishwa. Nimeombewa na watumishi wengi, nimewekewa mikono, nimenyunyiziwa maji. Hakuna kilichonifikia kama hilo. Nilimwona yule mama anavyoitika, haraka, bila kufikiri, kama mimi. Na huku wa kwanza wake kasimama mlangoni.

Jirani alipoondoka Ruti akasema naye kwa Kikorea, maneno machache. Amekisoma miaka mitatu kwa ajili ya siku hiyo. Yule mama hakumtazama. Alivaa miwani, akaanza kupanga mirija iliyokuwa imepangika tayari. Akajibu kwa kifupi. Ruti akanitafsiria, macho chini: "Anasema ana mtoto mmoja tu, Minho. Anaomba tuondoke, ana wateja."

Wateja tulikuwa sisi tu.

Ruti akageuka kutoka. Mimi sikunyanyuka. Sijui Kikorea, na Kichina changu ni cha sokoni: bei, rangi, ngapi, lini. Nikamwita laoban, yaani bosi, kama tunavyowaita wenye maduka wote. Nikajionyesha kifua. Nikamwambia kwa Kichina changu kibovu: mimi pia. Wa kwanza, msichana. Nikatafuta neno la kusema nilimtoa, sikuwa nalo. Neno nililokuwa nalo ni lile ninalowaambia wauzaji kila siku nikikataa mzigo. Bu yao. Sitaki. Nikasema hilo. Wa kwanza, msichana, bu yao. Na nilipolisikia likitoka mdomoni mwangu nikaanza kulia, mimi ambaye hata kwenye msiba wa mume wangu nilikuwa nahesabu sahani.

Yule mama akaacha mirija. Alinitazama mimi muda mrefu, kisha akamtazama Ruti, mara ya kwanza. Hakumkumbatia, nisiwadanganye. Alikwenda akateremsha mlango wa chuma nusu, akavuta kiti cha pili, akalisogeza lile bakuli la jirani. Akamwuliza Ruti kitu. Baadaye niliambiwa alimwuliza kama amekula.

Nikapita chini ya ule mlango nikawaacha.

Jioni ile ile niliifungua namba ya Veronika. Nilipiga, akakata. Nikapiga tena, akakata. Mara ya tatu akakata, akaandika: "Wewe ni nani?" Nikamwandikia, "Mimi ndiye niliyekuambia mama yako alishakufa. Nilidanganya. Ni mimi." Hakujibu. Siku tisa hakujibu. Siku hizo niliomba peke yangu, na niliomba kwa kirefu.

Siku ya kumi akapiga mwenyewe. Hakunisalimia. Aliniuliza, "Ulikuwa umeniita nani?" Nikamwambia kweli, kwamba sikumpa jina. Kisha akasema, "Mama hutakuwa leo. Nitakuita Bi Anastazia." Nikasema sawa. Akasema nisije Dodoma kabla watoto wangu hawajajua.

Nikampigia Joseph nikamweleza yote. Ana miaka thelathini na nane, ana ndevu, akaniuliza kama mtoto, "Kwa hiyo mimi siyo wa kwanza?" Nikamwambia wewe ni wa pili, baba, na huna budi kuzoea. Alinuna wiki nzima. Sasa anaulizia dada yake anapenda chakula gani.

Baadhi yenu mmeanza kuniita Mama Veronika. Acheni. Jina hilo ni lake kunipa, na hajanipa. Niiteni Anastazia, ninaitika.

Namshukuru Mungu aliyenivumilia nikiwa naongoza maombi na uongo mdomoni. Sijui mwanangu atanipokeaje, na sikuja hapa kuwaambia amenisamehe. Nilichokuja kusema ni kwamba nimefunguliwa. Napiga magoti na simwogopi tena nitakayemkuta pale.

Na wewe unayesikia, kama kuna mtu alikutafuta ukasema hupo, mpigie. Usisubiri kuwa na maneno mazuri, mimi nilikuwa na neno moja baya na Mungu alilitumia. Mtumaini Yeye, kisha piga.

Ninasafiri Jumatano. Veronika amesema atanipokea stendi ya Dodoma, na amenikataza kumletea nguo hata moja. Tangu nianze biashara sijawahi kuingia kwa mtu bila begi. Niombeeni, ndugu zangu, maana sijui nitashika nini mikononi.