Loretta Vangsness na Dakika Mbili Zilizorudi Nyuma

Ijumaa hii, tarehe 31 Mei 2019, saa sita kamili mchana, Bi. Loretta Vangsness anastaafu baada ya miaka arobaini na minane katika Ofisi ya Karani wa Baraza la Wawakilishi la jimbo letu. Aliingia jengo hili Januari 1971, mpiga taipu wa miaka kumi na tisa. Anatoka akiwa Karani Msaidizi Mwandamizi, amehudumu chini ya maspika kumi na mmoja, na watatu kati yao aliwafundisha yeye namna ya kugonga nyundo bila kuonekana wana hasira.

Wengi mnamjua kwa sauti. Ndiye anayeita majina ya wabunge wakati wa kura, yote tisini na tisa, bila karatasi. Mbunge mpya akichaguliwa, Loretta humpigia simu nyumbani kabla hajaapishwa, amuulize jina lake linatamkwaje. Mheshimiwa Pa Nhia Thao anasema walimu wake wote walilikosea jina hilo, lakini Loretta alilipatia siku ya kwanza, "akaliita kama bibi yangu anavyoniita nikale."

Mimi nilimfahamu kupitia kosa. Miaka minne iliyopita, nikiwa nimetoka chuo na shahada yangu ya historia, nilipewa kazi ya kupitia kumbukumbu za zamani za vikao kabla hazijaingizwa kwenye kompyuta. Katika kitabu cha Aprili 1971 nikakuta hoja imewasilishwa saa sita kasoro dakika moja, na mstari wa chini yake, kura ya hoja hiyohiyo imepigwa saa sita kasoro dakika tatu. Nilifurahi kama anavyofurahi mtu anayelipwa kutafuta makosa ya wengine. Nikajaza fomu ya marekebisho, nikampelekea.

Aliisoma, akavua miwani.

"Nani kakutuma urekebishe hii?"

"Bi. Loretta, muda hauwezi kurudi nyuma."

"Humu ndani ulirudi. Vuta kiti."

Mwaka ule Katiba ya Marekani ilikuwa inarekebishwa kwa mara ya ishirini na sita, umri wa kupiga kura ushuke kutoka miaka ishirini na mmoja hadi kumi na minane. Majimbo yalikuwa yanakimbizana kuidhinisha. Letu lilikuwa limebakiza siku moja. Kwa sheria, kikao kilikuwa kinafungwa saa sita mchana, na kura isiyopigwa ingesubiri mwaka mzima. Loretta alikuwa na pacha, Dale, askari aliyekuwa Vietnam. Barua ya Dale ilikuwa ndani ya droo yake: "Nimepewa bunduki na serikali, Lori, lakini hata diwani wa mji wetu siruhusiwi kumchagua. Waulize hao mabosi wako, hesabu hiyo wanaipigaje?"

Kura zilikuwa arobaini na tisa kwa arobaini na tisa. Ya hamsini ilikuwa ya Mheshimiwa Alvin Stroebel, mfuga nguruwe kutoka kaunti ya mbali, na mto ulikuwa umefunika daraja la njia yake. Alipiga simu kutoka kituo cha mafuta: anazunguka, anakuja.

Kila anayefanya kazi hapa anajua dawa ya tatizo hilo. Mlinzi wa mlango huisimamisha saa ya ukutani, na maadamu saa haijafika sita, siku haijaisha. Mlinzi wa wakati huo, Mzee Casimir Dudek, alileta ngazi, akakanyaga kipandio cha kwanza, akashuka.

"Goti limegoma. Panda wewe, binti."

"Mimi? Nikifukuzwa?"

"Akufukuze nani? Panda, dakika inakwenda."

Alipanda akiwa na sketi na viatu vya kisigino. Alitakiwa kulishika tu lile pande la shaba linalobembea hadi litulie. Lakini mkono uliteleza, ukaupiga mshale wa dakika, mshale ukarudi nyuma hatua mbili. Karani mkuu, aliyekuwa anaandika muda kama alivyouona ukutani, aliandika na huo.

Wakakaa zaidi ya saa mbili na nusu. Mbunge mmoja aliyepinga hoja akasimama: "Mheshimiwa Spika, saa yangu ya mkononi inasema saa nane na nusu."

"Saa yako haikuchaguliwa na mtu," Spika akamjibu. "Kaa chini."

Mlango ukafunguliwa. Stroebel, matope hadi magotini, kofia mkononi, akamuuliza Mzee Dudek kama amechelewa.

"Umewahi, mheshimiwa. Bado dakika tatu."

Jina lake likaitwa. Ndiyo. Hamsini kwa arobaini na tisa. Loretta anasema alikwenda stoo, akalia kidogo katikati ya makasha ya karatasi, kisha akarudi kupiga taipu matokeo.

Novemba 1972 Dale alikuwa ameshafika nyumbani. Pacha hao wa miaka ishirini walipanga foleni pamoja kwenye ukumbi wa zimamoto, wakapiga kura ya kwanza ya maisha yao, mmoja huku na mwingine kule. Kura zao zikafutana. Wamekuwa wakifutana tangu hapo, uchaguzi hadi uchaguzi, na kila mara humalizia kwa pai ya tufaha, anayelipa ni yule aliyeshindwa.

Fomu yangu Loretta aliikunja mara nne, akanirudishia. "Kosa hili liache. Ni langu, na nalipenda." Bado ninayo. Nimejifunza mengi zaidi kwenye karatasi hiyo isiyotumika kuliko kwenye zote nilizowahi kusahihisha.

Siku hizi muda rasmi unatoka kwenye kompyuta, nayo haina ngazi. Ijumaa, saa sita kamili, kadi ya Loretta itaacha kufungua mlango. Lakini ile saa ya ukutani ipo, ameitia ufunguo kila Jumatatu kwa miaka yote hii, na Dale ameahidi kuishika ngazi. Magoti yangu ni mazima, nitapanda mimi.

Asante, Bi. Loretta, kwa majina yote uliyoyatamka sawasawa. Tunakuombea siku ndefu, afya, na pai nyingi za kulipiwa na kaka yako. Nanyi wenzangu, Ijumaa mkiona mishale imesimama dakika tatu kabla ya saa sita, msijaze fomu. Mheshimiwa bado hajachelewa, na Loretta bado yupo kazini.