Fundi Shazli na Yule Mtu wa Kwenye Magari Yetu

Fundi Shazli Dahab anastaafu Alhamisi hii. Ametimiza miaka thelathini na mmoja kwenye kiwanda chetu cha kukaanga kahawa hapa Aleksandria. Nimeambiwa niandike mimi, mpakia magunia, kwa sababu tumekula naye maharage kila asubuhi. Sina maneno mengi.

Kazi yake ni kupaka rangi magari na mabango. Mchoro wa kampuni mnaukumbuka: mtumishi mweusi, tarbushi nyekundu, meno nje, sinia mkononi. Shazli ni Mnubi, mweusi wa kusini mwa Misri. Rangi alifundishwa na mama yake, kwao kuta za nyumba hupakwa upya harusi ikikaribia. Kila mwaka alimchora yule mtumishi, na kila mwaka madereva walimtania, "Shazli, ndugu yako kaamkaje?" Tulicheka. Yeye alikoroga rangi tu.

Mwaka mmoja gari likatoka na mtu mwingine. Mweusi, ana miwani, masharubu ya mvi, mdomo kaufunga, anakutazama. Shazli kajichora mwenyewe, akijiangalia kwenye kioo cha pembeni cha gari. Asubuhi ile mlinzi alilisalimia gari.

Haji Murtadha, mwenye kiwanda, akatoka na sigara yake.

"Huyu nani?"

"Mtu mweusi na kahawa, Haji. Si ndiyo kazi?"

"Mbona hacheki?"

"Hajaambiwa la kuchekesha."

Haji akampa mpaka Jumamosi. Amrudishe yule wa meno, au aende kwao.

Jumamosi likatoka gari la pili. Shazli yuleyule, safari hii kakaa kwenye kiti, anakunywa. Sinia hakuna. Tukajua kazi imekwisha. Wengine wakaanza kumuaga.

Aliyemwokoa ni Bibi Insaf, mama yake Haji. Aliliona gari kutoka roshani, akapaza sauti uwanja mzima ukasikia: "Afadhali amekaa. Huyo mtu kasimama na sinia tangu mimi bibi harusi. We Murtadha, umsimamishe tena uone."

Haji akazima sigara. Magari yote yakapakwa hivyo.

Likabaki bango la getini. Kila mwaka Haji alisema ngoja kwanza. Juzi kakubali. Leo asubuhi tumelikuta: Shazli na koti lake, kikombe mkononi, anacheka, meno yote nje.

Nikamuuliza mbona huyu anacheka.

"Si anaenda kwao."

Ahsante, Shazli. Nilipofiwa na mke wangu ulikuja ukakaa na mimi. Sijasahau. Nenda salama, ukae kitako, na kahawa uletewe wewe.