RISALA YA WAFUA VITAMBAA KUHUSU TANGI LA TATU

Mgeni rasmi, Meneja wetu, na wenzetu mliokuja na tope mikononi:

Sisi wafua vitambaa wa jengo la kuchujia makaa tunakukaribisha. Kiti chako tumekifuta mara mbili. Ukiona weusi, umetua sasa hivi. Risala hii inasomwa na mkubwa wetu kwa umri, ambaye humu ndani kila mtu anamwita Bibi.

KAZI YETU

Makaa laini kama unga huletwa hapa yakiwa uji, yakamiminwa kwenye matangi matatu. Mashine hufyonza maji kupitia kitambaa, makaa yakabaki juu yake kama mkate. Kitambaa kikiziba, sisi hukivua, tukakifua, tukakishona, tukakirudisha. Ni miaka kumi na tisa sasa.

MAFANIKIO

Zamani mkate ulitoka ukidondosha maji njia nzima. Leo ukiufinya, kiganja kinabaki kikavu. Hilo tunajivunia.

CHANGAMOTO

Sabuni haitoshi na buti zinavuja. Hayo tunayavumilia.

Kubwa ni hili. Anayeingia tangini kukwangua hutundika leso yake kwenye mpini wa swichi, ili asije mtu akawasha. Mwezi wa tatu aliingia mwenzetu tuliyemwita Kijiko, maana pembe za tangi alizikwangua kwa kijiko alichotoka nacho nyumbani.

"Bibi, mkinisahau humu nitawagongea mpaka mchoke," alisema akishuka.

"Wewe gonga tu, mwanangu. Masikio ninayo."

Tukacheka sote.

Leso aliitundika. Bibi akapita akikusanya vya kufua, na humu kila kitambaa ni cheusi. Akaichukua pale mpinini, akaitia kwenye beseni pamoja na vingine. Maji ya tatu ndiyo yaliyoonyesha maua mekundu aliyoyatarizi mkewe Kijiko. Bibi alikimbia na povu hadi viwikoni. Akakuta tangi limejaa, mashine inazunguka.

Ilisimamishwa dakika kumi. Watu wakapekecha kwa mti mrefu, wasiguse kitu. Ofisi ikaandika kwamba Kijiko ameacha kazi. Kwenye kitabu cha getini sahihi yake ya kuingia ipo. Ya kutoka haipo. Mkewe huja kuuliza kila Ijumaa, nasi tunaangalia chini.

Tangu siku hiyo, mgeni rasmi, tangi la tatu linagonga. Mara tatu, kimya, mara tatu. Fundi alisema ni hewa kwenye bomba, akabadilisha bomba. Linagonga. Na mkate wake haukauki. Tumeuwekea kitambaa kipya, bado ukiufinya unatoa maji, nayo ni ya vuguvugu.

OMBI

Sabuni hatuiombi. Tunaomba tangi la tatu limwagwe mpaka sakafu ionekane, ili yule mama apate mwili wa mumewe auzike, na ofisi ifute ilichoandika. Tunaambiwa tope litaganda. Tutalikwangua sisi, na wa kwanza kushuka ni Bibi. Leso yake ataitundika mwenyewe, nasi tutasimama chini ya mpini bila kupepesa macho.

Mungu akujalie moyo mwepesi na akurudishe kwako salama. Kabla hujatujibu, tunaomba mashine izimwe na kila mtu anyamaze. Bibi atagonga chuma mara tatu. Hizo zake usizihesabu, hesabu zitakazofuata.

Ni sisi,
Wafua Vitambaa, Jengo la Kuchujia.