Aliyeita Mara ya Nne

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio zenu. Mwenye sufuria jikoni apunguze moto kidogo. Leo tunamkumbuka mtu ambaye hakuwahi kuwa mkubwa wa ofisi yoyote, lakini sauti yake ilijulikana kutoka Mchafukoge mpaka Msimbazi. Tunamkumbuka Mzee Leodegar Mushi, tarishi. Amefariki Jumanne iliyopita nyumbani kwake Magomeni, akiwa na miaka sabini na tisa. Narudia kwa aliyechelewa kufungua redio: Mzee Leodegar, tarishi wa zamani wa ofisi ya mji, hatunaye tena.

Lakini tusilie sana. Binti yake, Hyasinta, ametuambia mzee aliondoka akiwa mwepesi. "Baba alikuwa na mzigo," anasema Hyasinta. "Aliutua mwezi wa kwanza mwaka huu. Baada ya hapo akawa analala mpaka jua linamkuta kitandani, na hakuwahi kuwa mtu wa kulala." Mzigo gani huo? Hiyo ndiyo habari yetu ya leo.

Leodegar alizaliwa Kibosho, Kilimanjaro. Alikuja Dar es Salaam mwaka 1966, kwa kaka yake Onesphory aliyekuwa na duka la jumla Kariakoo, la sabuni na vibiriti. Kaka alitaka wauze pamoja. Leodegar alidumu dukani miezi minne. Tatizo lilikuwa ile sauti. Mteja akinong'ona kuuliza bei, Leodegar alimjibu mpaka mshindani wao wa ng'ambo ya barabara akasikia na kupunguza yake. Onesphory akachoka. "Mdogo wangu," akamwambia, "nenda kafanye kazi serikalini. Huko wanatafuta watu wa kuita wenzao."

Na kweli, ndiyo kazi aliyoipata. Akawa tarishi katika ofisi moja ya mji, pale Mchafukoge. Chini ya jengo hilo kulikuwa na stoo ya mafagio na kona ya kuchemshia chai. Huduma zote zilikuwa ghorofani. Ngazi kumi na tisa, zenye mwinamo mkali. Wananchi walipanda, wakakaa kwenye mabenchi ya ukumbini, wakasubiri kuitwa. Aliyeita alikuwa Leodegar.

Utaratibu ulikuwa hivi. Jina liliitwa mara tatu. Mtu asipotokea mlangoni baada ya mara ya tatu, aliandikwa neno moja daftarini: hayupo. Daftari hilo alilishika Leodegar mwenyewe, akalifunika kwa gazeti lisichafuke. Ni miaka ile ya Ujamaa, wasikilizaji, na kila mtu aliitwa ndugu. Ndugu fulani! Ndugu fulani! Ila ndugu asiyeweza ngazi kumi na tisa alirudi kwake na shida yake, na hakuna aliyejua kwamba alikuja.

Sasa tufike mwaka 1979. Vita vimetoka kwisha, sukari ya kutafuta kwa tochi. Ofisi inataka karani wa kupokea wananchi. Wameitwa watu kumi na wawili kwenye usaili. Wa tisa katika orodha ni Zeina binti Sheikhan, miaka ishirini na miwili, wa Mtaa wa Msimbazi.

Zeina alikuwa Mwarabu wa hapa hapa mjini. Polio ilimchukua miguu akiwa mtoto. Alitembea kwa baiskeli ya magurudumu matatu, ile ya kuzungusha kwa mikono. Alikuwa amefaulu kupiga chapa na kutunza mafaili. Alikuwa ameomba kazi mahali pengi, na pote alijibiwa kwa upole kwamba atajulishwa. Siku hiyo alifika saa moja asubuhi na mama yake, Bi Mauza. Wakakaa chini ya ngazi, bahasha ya vyeti mapajani. Mama alimwomba kila aliyepanda awaambie wakubwa kwamba mtoto yuko chini. Waliitikia wote. Hakuna aliyesema.

Saa nne na nusu, Leodegar akasimama juu ya ngazi.

"Ndugu Zeina Sheikhan!"

Kutoka chini sauti ikajibu, "Nipo!"

Akatazama mabenchi. Hakusimama mtu. Akaita mara ya pili, ikajibu, "Nipo!" Mara ya tatu, ikajibu tena. Na hapa nawaomba mnisikilize vizuri. Leodegar alisikia. Alisikia mara zote tatu. Lakini kazi yake ilikuwa kuangalia nani katokea mlangoni, na mlangoni hapakuwa na mtu. Akalamba ncha ya penseli, akaandika: hayupo. Akamwita wa kumi.

Ilipofika saa sita alishuka kuchukua chai ya bodi ya usaili, chai kavu ya mwaka ule. Akawakuta.

"Shikamoo mama," akasema.

"Marahaba, baba. Ndiwe uliyekuwa ukiita?"

"Ndiye mimi."

"Mwanangu kaitika mara tatu mpaka koo limemkauka. Mbona kimya?"

Leodegar akamtazama Zeina, akaitazama baiskeli, akazitazama ngazi. Akaona aibu, aibu ya mtu mzima. Na aibu ikamfanya aseme uongo. "Sikusikia, mama," akasema. Zeina alimwangalia tu.

Huo ndio mzigo wenyewe, wasikilizaji wapendwa. Maneno mawili. Sikusikia, mama.

Alipanda na sinia la chai na kumnong'oneza ofisa utumishi kwamba msailiwa wa tisa yuko chini, hawezi kupanda. Hata kunong'ona kwake kulisikika chumba kizima. Ofisa hakuinua kichwa. "Leodegar, umeandika hayupo, basi hayupo. Unataka daftari liseme uongo?"

Leodegar alikuwa na mke na mtoto mchanga, huyu huyu Hyasinta, katika chumba kimoja cha kupanga Magomeni. Alijua wenzake waliofukuzwa kwa makosa madogo kuliko hilo. Alimsimulia mkewe baadaye kwamba alifikiria kunyamaza, na alikuwa ameshaanza kugawa vikombe. Kisha akaliweka sinia mezani, akatoka, akasimama juu ya zile ngazi. Katika miaka yake yote ya kazi hakuwahi kuita jina mara ya nne. Siku hiyo aliita.

"NDUGU ZEINA SHEIKHAN!"

Wanaokumbuka wanasema wabeba mizigo waliokuwa wakipita barabarani walisimama. Na kutoka chini ikaja sauti ya msichana aliyechoka kungoja: "Nipo! Nipo chini, na nimekuwepo tangu saa moja!"

Safari hii mlango wa bodi ulikuwa wazi, na bodi yote ikasikia. Mwenyekiti wake alikuwa Mama Theopista, mwalimu mstaafu, mtu asiye na maneno mengi. "Ni nani huyo?" akauliza.

"Msailiwa wa tisa, mama. Yeye hawezi ngazi."

"Sisi si tunaziweza?" Mama Theopista akachukua mkoba wake. "Haya, tushuke."

Wakashuka, kila mmoja na kiti chake. Leodegar akalichukua daftari lake, akakata ile "hayupo", akaandika pembeni: yupo. Akatia sahihi.

Usaili ukafanyika katikati ya mafagio. Ofisa utumishi, bado amenuna, akauliza swali lake. "Mafaili yote yako juu. Wewe utayafikiaje?"

Zeina akamjibu, "Ndugu ofisa, faili ni jepesi kuliko mimi. Lishuke lenyewe."

Leodegar alicheka kicheko ambacho ilibidi atoke nje akimalizie huko.

Walimpa kazi ya majaribio, miezi mitatu. Meza yake ikawekwa chini ya ngazi. Narudia: chini ya ngazi, pembeni ya stoo ya mafagio. Kuna walioguna. Wengine walisema Mwarabu ana duka la baba yake, ofisini anatafuta nini. Sheikhan hakuwa na duka hata la pipi. Alikuwa fundi saa wa kwenye kibaraza. Lakini midomo ya watu mnaijua.

Kilichotokea hakuna aliyekitegemea. Wazee wakaanza kuja. Wajawazito wakaanza kuja. Wabeba mizigo wa sokoni wakaanza kuja, kwa sababu sasa waliweza kuongea na serikali huku mkokoteni wao wanauona. Mabenchi ya juu yakabaki matupu. Na Leodegar akabadili utaratibu wake bila kumuuliza mtu: akawa anaitia chini kwanza, ndipo anapanda kuitia juu.

Miezi mitatu ikaisha. Ikaandikwa barua ya kuelekezwa kwa Zeina, ikafungwa kwa gundi, akapewa tarishi aipeleke. Leodegar hakujua ndani kuna nini. Alitembea kutoka Mchafukoge mpaka Msimbazi ameishika kwa mikono miwili. Alijua kama ni barua ya kumwachisha kazi, itakuwa imepita mikononi mwake, kama lile neno daftarini lilivyopita mikononi mwake. Zeina akaifungua pale barazani. Akasoma mpaka mwisho, akaikunja.

"Mbona kimya?" Leodegar akauliza, jasho linamtoka.

"Kesho nifike saa moja na nusu," akasema Zeina. "Na keshokutwa. Na siku zote. Kaka Leo, wameniajiri!"

Bi Mauza akapiga kigelegele. Leodegar akakaa chini pale pale sakafuni, akasema alhamdulillah, Mkatoliki wa Kibosho yule. Kisha akanyweshwa kahawa mpaka akashindwa kulala.

Bi Zeina alifanya kazi pale mpaka akastaafu, na meza ya wananchi haijawahi kurudi juu. Kila aliyesimulia habari hii alimsifu Leodegar. Na kila aliposifiwa, alibadilisha mazungumzo. Watu wakadhani ni unyenyekevu. Haukuwa unyenyekevu.

Mwezi wa kwanza mwaka huu, mzee akiwa amelala mgonjwa, aliomba aitiwe Zeina. Bi Zeina akaja Magomeni kwenye kiti chake cha magurudumu. Hyasinta alikuwepo, naye ndiye aliyetuambia walivyosemezana.

"Zeina, siku ile nilikusikia. Mara zote tatu. Nilimdanganya mama yako."

"Najua, kaka Leo."

Mzee akainua kichwa. "Unajua?"

"Tangu siku ile ile. Kama sauti yangu haikufika juu mara tatu, ungeita ya nne ukitegemea nini?"

"Miaka arobaini na tano! Mbona hukuniambia?"

"Nilikuwa nangoja uniambie wewe. Na mama alijua pia. Alisema, mwacheni, huyo kijana kajirekebisha mwenyewe, hadaiwi na mtu."

Hyasinta anasema baba yake alilia, halafu akacheka, kile kicheko chake, mpaka majirani wakaja kuuliza kuna sherehe gani. Kisha akaomba uji.

Wasikilizaji wapendwa, kwa familia ya Mzee Leodegar, kwa Hyasinta na wajukuu, kwa ukoo wote wa Kibosho, tunawapa pole kutoka moyoni. Mungu ampumzishe pema. Na sisi tuliobaki, wenye ofisi, wenye madaftari, wenye kalamu mkononi, tujiulize kitu kimoja leo tukienda kulala. Ni nani ameitika, nasi tumemsikia, na bado tukaandika kwamba hayupo? Ukimkumbuka, bado unaweza kushuka ngazi. Mzee Leodegar alishuka.

Jana msibani Magomeni kulikuwa na kitabu cha maombolezo. Watu waliandika mengi, kurasa kwa kurasa. Bi Zeina alikisogeza mapajani, akalitafuta jina la Leodegar pale juu, na pembeni yake akaandika neno moja: yupo. Akatia sahihi.