Amekwenda au Alikwenda?

Benchi la Sikujua muuza kahawa lilitazamana na lango la mgodi, pale Nyarugusu, mwaka wa hamsini na mbili. Wenyewe waliliita Kortini, maana kila kesi ilisikilizwa hapo na hakuna hata moja iliyowahi kuhukumiwa. Mchana ule Kalisti, mkalimani wa mgodi, alikuwa ameshika kikombe mpaka kahawa ikapoa. Kengele ya saa nane ikilia, asimame na Melania mbele ya meneja Mzungu. Mume wa Melania, Ignas, alikuwa amekwenda kwao Kharumwa kumzika mama yake, bila kuaga. Meneja alitaka kujua kama mtu huyo bado ni wake au ameacha kazi. Kama ameacha, nyumba ya mgodi apewe mwingine, na Melania atoke na watoto wake leo hii.

— Kinachonitisha ni neno moja tu, Kalisti alisema. Nikisema "he has gone", yaani amekwenda, bado ni mtu wetu. Nikisema "he went", yaani alikwenda, habari imefungwa. Ndivyo Padri alivyotufundisha misheni.

— Padri kakuchanganya, alidakia Ngassa, mlipua miamba, ambaye wote walimwita Baruti. "Has" ni kuwa na kitu. Ana mbuzi, ana shoka. Sasa huyu ana kwenda? Kwenda nako kunafugwa?

— Kwa Mzungu kunafugwa, Sikujua alisema huku akimimina. Sisi tukila, tumekula, yamekwisha. Yeye akila, anakuwa na kule kula kwake, anakuweka akiba. Ndiyo maana hanenepi. Hajamaliza!

— Nyamazeni, alisema Donatus, aliyepigana vita vya Burma na tangu hapo akaitwa Bama. Mimi Kiingereza nimekisikia kwa masikio haya, porini. Sajini alitwambia, "The Japanese have gone," Wajapani wamekwenda. Tukavua mabuti, tukabandika chai. Hata haijachemka, risasi hizo! Kwa hiyo "have gone" maana yake wamejificha hapo hapo.

— Basi Kalisti akisema hivyo, Mzungu atakwenda kumtafuta Ignas uvunguni! alisema Baruti.

Wakacheka. Kalisti hakucheka. Melania alikuwa anakuja, mtoto mgongoni, khanga imefungwa vizuri kama ya kwenda kanisani.

— Shikamooni.

— Marahaba, mama.

Kengele ikalia.

Ofisini meneja aliuliza kwa sauti ya kawaida, kalamu mkononi. Kalisti akajibu neno kwa neno, kama alivyojipanga: "He has gone to bury his mother, sir."

— When? aliuliza meneja, yaani lini.

— He has gone last Sunday, sir, alisema Kalisti, yaani Jumapili iliyopita.

— Went, meneja alisema, kama mwalimu anayesahihisha daftari. He went last Sunday.

Went! Mbona mtu huyu anamfungia Ignas mlango?

— Anasemaje? Melania alinong'ona.

— Anataka niseme alikwenda.

— Usiseme, kaka yangu. Mwambie amekwenda. Nguo zake zimo ndani, jembe lake limo ndani. Amekwenda!

Kalisti hakuwahi kumbishia Mzungu maishani mwake.

— No, sir. Has gone.

— Last Sunday? Went.

— Has gone, sir. Please.

Meneja aliweka kalamu chini. Alimtazama mkalimani wake jasho likimtiririka, akamtazama yule mama aliyekuwa akitikisa kichwa kila aliposikia "went".

— All right, alisema taratibu. Has gone. She can stay until the end of the month.

Kalisti alitoka. Hakujua ameshindaje. Melania, alipoambiwa akae mpaka mwisho wa mwezi, alimshukuru kwa mikono miwili, akaenda zake kuwasha moto.

Kortini walimpokea kwa kelele. Bama akadai ni Kiingereza cha Burma kilichoshinda. Baruti akaapa hajaelewa bado. Wakati huo mfanyabiashara wa ng'ombe aitwaye Mageni, mgeni mahali pale, alikuwa anapita. Akaegesha fimbo yake, akawaamkia kwa Kisukuma, "Mwadila!", akakaa kwenye ncha ya benchi. Wakamsimulia kesi yote tangu mwanzo, naye kikombe mkononi.

— Sasa huyo Ignas mwenyewe, aliuliza, amerudi?

— Hajarudi, alisema Kalisti.

— Ila atarudi?

Baruti alimtazama Bama. Bama akatazama njia ya Kharumwa, nyeupe kwa vumbi, haina mtu. "Na hiyo nayo haijahukumiwa," alisema Sikujua, akainamisha buli juu ya kikombe cha mgeni, akalitikisa mara mbili, yakatoka mashapo matupu.