Maman Martine Nsimire Anakiacha Chumba cha Kine

Tarehe 31 Oktoba mwaka huu, Maman Martine Nsimire anavua koti jeupe baada ya miaka thelathini na mbili katika hospitali yetu hapa Bukavu. Sehemu kubwa ya miaka hiyo amekuwa msimamizi wa staji, yaani mafunzo ya vitendo, ya wanafunzi wa kine, wale wanaojifunza kuwarudishia watu nguvu za viungo na misuli. Tarehe hii ni ya tatu kutangazwa. Mbili za kwanza alizisogeza mwenyewe, na mimi ninayeandika haya nitaamini nikishaliona koti limetundikwa.

Alianza na vitanda viwili katika chumba kilichokuwa ghala la mashuka. Alitibu magoti yaliyokaza baada ya plasta, mabega ya wazee, nyonga za watoto na, tangu pikipiki zilipoujaza mji, kila kiungo ambacho motari na abiria wake wanaweza kukivunja. Leo wanafunzi wake wanafanya kazi kuanzia Sange hadi Bunyakiri. Ukifika huko na maumivu ya mgongo, mtu akakuamuru utembee kwanza kabla hajakugusa, ujue amepita mikononi mwake.

Kukaa hajui. Kwenye mikutano husimama karibu na mlango, kama mtu aliyeacha sufuria motoni. Katika misa ya sikukuu ya wagonjwa aliacha benchi akaenda kumrekebisha mabega mpiga ngoma wa kwaya, padri akiwa katikati ya mahubiri. Mpiga ngoma anasema hajaumwa tena.

Wengi wa wagonjwa wetu ni akina mama wanaobeba mizigo mgongoni, mkanda umepita kwenye paji la uso, kutoka bandarini hadi soko la Kadutu. Mwaka fulani mwanafunzi aitwaye Firmin alimwambia mmoja wao apumzike wiki tatu. Yule mama alitabasamu kwa adabu, akajifunga kitenge chake, akaondoka. Maman Martine alimfuata mbio hadi barabarani akamrudisha, kisha akamgeukia Firmin: “Weye, ulishaka beba?” Kesho yake Firmin alipanda mteremko wa hospitali na gunia la makaa mgongoni, wagonjwa wakimshangilia madirishani. Alifika juu na shingo iliyogoma kugeuka, ikawa ndiyo somo la siku. Wenzake walimpima na kumkanda hadi adhuhuri. Tangu hapo hakuna anayepokelewa kwenye staji yetu bila kubeba gunia. Firmin sasa anaongoza chumba cha kine huko Bunyakiri, na nasikia naye ana gunia lake.

Lakini niseme ukweli, mwaka huu hatukucheka sana. Barabara zinafunguliwa na kufungwa, wanafunzi wamekaa majuma mengi bila kuona familia zao, na kila mtu analala na sikio moja wazi. Katikati ya hayo uongozi ulitueleza wazi: Maman Martine akiondoka bila mtu wa kuishika staji, wanafunzi hawatagusa wagonjwa tena. Watasimama kando na kutazama. Mtu aliyetajwa kumrithi ni mimi. Niliogopa, na yeye aliogopa kuliko mimi, ndiyo maana zile tarehe zikasogea. Kila niliposimamia wanafunzi nilisikia pumzi yake nyuma ya sikio langu, kisha mkono wake ukapita juu ya bega langu kwenda kuuweka sawa mkono wa mwanafunzi. Alikuwa sahihi karibu kila mara, na hilo halikunisaidia.

Mwezi wa nane alikuja Maman Chantal, mbebaji wa Kadutu, shingo inamuuma na vidole vya mkono wa kulia vimekufa ganzi. Nilimpa Destin, mwanafunzi wa mwaka wa tatu, kijana mpole ambaye hata salamu zake inabidi uinamishe kichwa kuzisikia. Maman Martine akasimama mlangoni. Destin alimwomba mgonjwa ageuze shingo polepole kushoto. Maman Chantal akageukia kulia, mlangoni, kuona kama Maman Martine ameridhika. Destin akaanza upya, na mgonjwa akageukia kule kule. Maman Martine alikwishaanza kuunyosha mkono wake, Destin aliposema kwa sauti yake ile ya chini: “Maman, pardon, mutokeko kidogo. Huyu mama iko anawaangalia ninyi, shingo inageuka kila saa.”

Hakuna aliyewahi kumwambia Maman Martine atoke popote.

Alitoka. Nilimfuata koridoni nikidhani amekasirika, nikamkuta ameegemea ukuta, anacheka na machozi yanamtiririka. “Fabien, umesikia? Mutoto ananifukuza mu chumba yangu. Tena iko na haki.” Alitembea huku na huko, akashika kitasa, akakiachia, akakishika tena. Hakuingia. Mlango ulipofunguliwa, Maman Chantal alitoka amekunja mkanda wake mkononi, akatueleza bila kuulizwa jinsi atakavyoufupisha ili mzigo ukae juu, na kwamba ataugawa kwa safari mbili mpaka ganzi iishe. Destin alikuwa bado ndani anatandika kitanda. Maman Martine hakumuuliza kitu. Alishuka moja kwa moja kwa sekretari, akaomba tarehe yake iandikwe, na safari hii iandikwe kwa wino.

Maman Martine, wafanyakazi wenzako na wanafunzi wote uliowabebesha magunia tunakushukuru. Tutakukumbuka sana, na mimi nitakukumbuka kwa hofu kidogo kila asubuhi. Nenda Nyantende kwenye shamba lako la maharagwe; majirani wa huko wajiandae kusahihishwa wanavyoshika jembe. Mungu akupe siku nyingi, afya njema na usingizi usio na staji ndani yake. Asante kwa miaka yote uliyokuwa ndani ya chumba kile, na kwa ile nusu saa uliyokubali kubaki nje.

Fabien Birindwa, kwa niaba ya wafanyakazi wa chumba cha kine