Mwalimu Paskalia na Asili ya Neno Beni

Tarehe 30 Juni mwaka huu Mwalimu Paskalia Bonifasi, Mama Careen, anastaafu baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi, ishirini na miwili kati ya hiyo akiwa hapa shuleni kwetu Newala. Alianzia kazi Chiungutwa, akahamia huku na baiskeli moja na kapu la vitabu. Darasa la tatu walimwogopa kwa ukaguzi wa kucha. Walimu wageni nao hawakusalimika.

Wengi watamkumbuka kwa beni, kile kikundi chetu kidogo cha wapigaji: ngoma mbili, tarumbeta na filimbi. Alikianzisha na Mzee Nurdin wa Mnyambe, aliyekuja kila Alhamisi kuwafundisha watoto.

Katika mahafali moja, Mzee Nurdin aliwaeleza wazazi kwamba neno beni asili yake ni Kiingereza, ni lile lile lililotupa bendi, na lilienea bara pamoja na askari na tarumbeta zao. Mwalimu Paskalia akampokonya kipaza sauti. Akasema hilo ni neno letu tangu mababu, mzee amesahau tu. Watu wakacheka. Mzee akaketi, na Alhamisi iliyofuata hakuja, wala iliyofuata hiyo. Beni ikafa.

Mwaka uliofuata, akiandaa somo, mwalimu alifungua kamusi akakuta mzee alisema kweli. Jioni hiyo hiyo akaenda Mnyambe. Mzee Nurdin aliitikia shikamoo yake, akamkaribisha uji, kisha akamwambia kwa upole kwamba kosa la uwanjani haliombewi radhi uani.

Mimi ndiye mkuu wa shule. Aliposema ataomba radhi kwenye mahafali, nilimsihi mbele ya walimu wenzake aache, nikisema heshima ya walimu itashuka mbele ya wazazi. Akanijibu, "Mkuu, ya mzee niliishusha mimi. Nani ataipandisha?"

Siku ya mahafali ya mwaka huo alipiga goti mbele ya Mzee Nurdin, kipaza sauti mkononi. "Baba, nilikukosea hapa hapa. Neno lilikuja na tarumbeta, kama ulivyosema."

Jamani, nilitamani ardhi inimeze. Mzee akainuka, akaiendea ngoma iliyokaa bila kazi, akaibonyeza ngozi kwa kidole gumba.

"Imelegea," akasema. "Washeni moto, tuipashe."

Mzee alifundisha miaka sita mingine, hadi Mungu alipomchukua. Beni ipo hadi leo.

Mama Careen, asante kwa yote. Mikorosho yako ikupokee vizuri, na Mungu akupe siku nyingi zenye afya. Lakini liko deni langu. Niliogopa aibu yangu mwenyewe, nikaiita heshima ya shule, nikajaribu kukuzuia, mbele ya walimu wenzako, usiseme kweli. Ningeweza kuja kwako nyumbani kimya kimya. Naandika hapa, wasome wote: nisamehe.

Luka Chrispin
Mkuu wa Shule